Kulinganisha shule za serikali Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mzazi au mlezi wa Nyamagana na Ilemela anayetafutia mtoto shule ya serikali, ya msingi au ya sekondari. Shule binafsi hazimo. Anayejibu ni mzazi aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule, kwa hiyo mahali pengine utakuta maoni yake, nayo uyapime mwenyewe.

Je, kuna orodha rasmi ya shule bora za serikali Mwanza?

Hakuna. Zamani Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilikuwa likitangaza shule kumi bora, shule kumi za mwisho na watahiniwa walioongoza. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilitangaza kwamba utaratibu huo umekoma, kwa maelezo kwamba shule hazishindani katika mazingira yanayofanana na kwamba orodha zile zilikuwa zinawatangazia watu biashara.

Hizo unazotumiwa WhatsApp kila matokeo yakitoka, "shule 20 bora Mwanza", mtu kajipangia mwenyewe. Kachukua wastani wa kila shule kwenye tovuti ya NECTA, kazipanga toka juu kwenda chini, basi. Namba huwa ni za kweli. Mpangilio ndio hauna maana, na majibu mawili yanayofuata yanaeleza kwa nini.

Matokeo ya darasa la saba ya shule nayasomaje?

Ukifungua ukurasa wa shule utakuta juu idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule, na jedwali la madaraja A mpaka E, wasichana na wavulana. Kwa utaratibu wa sasa masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300. A inaanzia 241, B 181, C 121, D 61. Chini ya hapo ni E. Anayehesabiwa kuwa amefaulu ni mwenye A, B au C.

Watu wengi wanaishia kwenye wastani. Anza na idadi ya watahiniwa. Tuseme shule moja ina watahiniwa 31 na nyingine 210. Watoto watatu waliotegemewa kupata 200 wakaugua wiki ya mtihani wakapata 60. Kwenye shule ya watoto 31 wastani unaporomoka kwa alama 13 na zaidi. Kwenye shule ya watoto 210 unashuka kwa alama mbili tu. Shule ni zilezile, walimu ni walewale, lakini ile ndogo mwaka huu itasemwa imeharibika na mwakani itapongezwa. NECTA lenyewe, enzi za kupanga nafasi, lilikuwa likizitenga shule zenye watahiniwa 40 na kuendelea na zile zenye pungufu ya hapo. Wewe pia zitenge.

Pili, usisome mwaka mmoja. Chukua mitatu. Shule inayotoka 130 kwenda 142 kwenda 155 mimi naiamini kuliko iliyokaa 170 miaka yote mitatu, maana hiyo ya kwanza kuna mtu anafanya kazi mle ndani sasa hivi, na mtoto wako anaingia sasa hivi.

Tatu, shuka chini kwenye matokeo ya kila somo. Shule nyingi za mjini zinabebwa na Kiswahili. Angalia Hisabati na Kiingereza. Shule ambayo nusu ya watoto wana D na E za Kiingereza inawapeleka sekondari, ambako karibu kila kitu isipokuwa Kiswahili kinafundishwa kwa Kiingereza, wakiwa mikono mitupu.

Na ya kidato cha nne?

Hapa ndipo neno "ufaulu" linapowaingiza wazazi mkenge. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Anayepata daraja la nne amefaulu, kwa hesabu za taarifa. Lakini ili uchaguliwe kidato cha tano unahitaji angalau C tatu, na wengi wa daraja la nne hawana.

Chukua shule mbili za mfano. Ya kwanza ina watahiniwa 120: daraja la kwanza 6, la pili 14, la tatu 22, la nne 70, sifuri 8. Kwenye kikao cha wazazi mkuu wa shule atasema tumefaulisha asilimia 93, na hasemi uongo. Ya pili ina watahiniwa 80: daraja la kwanza 8, la pili 16, la tatu 20, la nne 26, sifuri 10. Hii ufaulu wake ni asilimia 87.5, inaonekana imezidiwa. Sasa hesabu daraja la kwanza hadi la tatu peke yake. Ya kwanza ni watoto 42 kati ya 120, asilimia 35. Ya pili ni 44 kati ya 80, asilimia 55. Nitampeleka wangu ya pili, ingawa zile sifuri kumi nitaziulizia.

Chini ya ukurasa kuna GPA ya kituo, yaani wastani wa pointi za shule. Ya shule huenda kinyume na ile ya chuo kikuu: ikiwa ndogo ndiyo nzuri, kwa sababu A ina pointi 1 na F ina pointi 5. Nimesikia mzazi akijisifu kwamba shule ya mwanawe ina GPA ya 4.2.

Kuna namba gani shule hazipendi kutangaza?

Idadi ya watoto walioanza na hawakumaliza. Na unaweza kuipata mwenyewe bila kumuomba mtu.

NECTA huendesha pia upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili, na matokeo yake yako kwenye tovuti hiyohiyo, shule kwa shule. Aliyefanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021 ndiye aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Aliyefanya wa kidato cha pili 2022 ndiye wa kidato cha nne 2024. Fungua kurasa mbili, linganisha idadi. Kama kidato cha pili walikuwa 180 na kidato cha nne wamefanya 121, watoto 59 wako wapi?

Majibu halali yapo: wengine wamehama, wengine wamerudia darasa. Lakini kuna utoro, kuna ndoa, kuna mimba, kuna waliokwenda kuvua au kuuza mitumba Mlango Mmoja. Na kuna shule chache, tuseme ukweli, ambazo mtoto mzito darasani "hushauriwa" kutafuta shule nyingine kabla hajawekwa kwenye orodha ya mtihani, ili wastani usichafuke. Shule ya namna hiyo itang'ara kwenye ile orodha ya WhatsApp. Kwangu shule iliyoingiza 180 ikatoa 172 wenye matokeo ya kawaida imefanya kazi kubwa kuliko iliyoingiza 180 ikatoa 121 wanaong'ara.

Angalia jinsia pia. Ikiwa wavulana wamebaki karibu wote na wasichana wamepungua, kauliza kuna mwalimu wa malezi, kuna choo chenye maji na faragha, na wasichana waliojifungua wamerudi wangapi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shule, kwa hiyo hilo si jambo la huruma ya mkuu wa shule.

Kwa nini madarasa ya pembezoni yamejaa kiasi hiki?

Kwa sababu mji umehamia huko. Sensa ya 2012 iliikuta Nyamagana na watu 363,452; ya 2022 ikaikuta na 594,834. Ilemela ilitoka 343,001 ikafika 509,687. Watu hao hawakujenga Isamilo wala Kirumba, kulikokwisha kujaa. Walipata viwanja Buhongwa, Kishiri, Igoma, Buswelu, Kiseke. Shule iliyokuwa ya kijiji ikajikuta iko katikati ya mitaa.

Viwango vya serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, dawati moja watoto watatu, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukiona darasa la kwanza lina watoto 120, ujue umefika pembezoni. Baadhi ya shule hugawa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Zamu si dhambi. Kwa darasa la kwanza na la pili mtoto anayesoma saa tatu akiwa na wenzake 50 anajua kusoma haraka kuliko anayekaa saa sita akiwa na wenzake 110, mradi mwalimu wa mchana awe wa mchana kweli na siyo yuleyule aliyechoka asubuhi.

Uliza pia kama shule inakaribia kugawanywa. Shule mama ikizaa shule mpya jirani, msongamano unapungua ghafla, lakini kwa mwaka mmoja au miwili mambo yanayumba: walimu wanagawanywa, madawati yanagombewa, na matokeo ya shule mama ya zamani hayakwambii lolote kuhusu hiyo mpya.

Shule za kata ni mbovu?

Swali hili linaulizwa kana kwamba bado tuko 2008. Shule za kata zilijengwa kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanzia 2004. Nyingi zilianza na vyumba viwili, mkuu wa shule na walimu wawili watatu, wengine wametoka kidato cha sita juzi. Zilistahili kulalamikiwa. Baadaye ikaja amri ya Rais Kikwete ya kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, na mwaka 2021 yakaja madarasa 15,000 nchi nzima ya fedha za UVIKO-19.

Leo ndani ya jiji letu karibu kila mtoto wa kutwa anasoma shule ya kata, na tofauti kati ya shule ya kata nzuri na mbaya ni kubwa kuliko tofauti kati ya shule ya kata na shule kongwe. Jina lisikutishe. Uliza mambo mawili tu: walimu wa Fizikia, Kemia na Hisabati ni wangapi na wameajiriwa au wanajitolea, na maabara ina vifaa au imegeuzwa darasa. Kuta za maabara utazikuta kila mahali. Chungulia dirishani uone kama kuna mtungi wa gesi na chupa za kemikali, au kuna viti na meza za kidato cha kwanza.

Je, Bwiru, Nsumba na Nganza ninaweza kumpeleka mtoto wangu?

Hupeleki, anachaguliwa. Bwiru Wavulana, ambayo ni ya ufundi, Bwiru Wasichana, Nsumba na Nganza huchukua wanafunzi wa bweni kutoka mbali kwa uteuzi unaofanywa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kukaa Pasiansi hakukupi upendeleo Bwiru. Ndiyo maana pia si haki kuzilinganisha na shule ya kutwa ya kata: moja inapokea watoto waliochujwa, wanalala shuleni, wana muda wa kujisomea usiku. Nyingine inapokea kila mtoto wa mtaa, na jioni anarudi nyumbani kuchota maji. Shule ya bweni ya namna hiyo ikipitwa na ya kata, hapo ndipo pa kushangaa.

Nikienda shuleni niangalie nini?

Nenda siku ya kawaida, siyo siku ya mahafali wala ya kikao. Jumanne au Jumatano, fika saa moja na nusu asubuhi. Jitambulishe ofisini, waambie unatafutia mtoto nafasi. Usiingie darasani bila ruhusa.

Ofisi ya mwalimu mkuu karibu zote zina karatasi za manila ukutani. Moja ina idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, nyingine ina ikama ya walimu, yaani waliopo na wanaohitajika, nyingine ina matokeo ya miaka kadhaa. Zisome wakati unasubiri. Karatasi ikiwa imeandikwa upya mwaka huu, mwalimu mkuu anaijua shule yake. Ikiwa imefifia na namba ni za mwaka juzi, hilo nalo ni jibu.

Ukiruhusiwa kupita kwenye korido, tazama kona ya juu ya ubao. Mwalimu aliyefundishwa kazi yake huchora kijedwali: somo, kipindi, muda, halafu walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Mahali pamoja nilikuta saa nne asubuhi ubao unasema walioandikishwa 96, waliohudhuria 91, na nilipohesabu vichwa kwa macho nikapata kama 60. Kwenye shule ya jirani ubao ulisema 88 kati ya 104, na 88 walikuwepo. Hiyo ya pili, yenye mahudhurio mabaya kwa maandishi, ndiyo inayowajua watoto wake.

Kisha omba kuona madaftari ya mtoto yeyote wa darasa la tatu, au bora zaidi, muombe jirani yako mwenye mtoto pale. Tazama tiki nyekundu za mwalimu. Zimefika tarehe ya juzi, au zimekoma mwezi wa pili? Mwalimu mwenye watoto 100 hawezi kusahihisha kila siku, hilo tumuelewe, lakini daftari la Hisabati likikaa wiki tatu bila kalamu nyekundu kuna tatizo.

Kipimo cha mwisho ni cha nyumbani. Chukua kitabu cha darasa la pili, mpe mtoto wa jirani aliye darasa la tatu au la nne shule hiyo, mwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti na akueleze kimesema nini. Fanya hivyo kwa watoto wanne watano wa mtaani. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zisipokuwepo darasa la nne, wastani wa darasa la saba umetengenezwa na kambi ya mtihani.

Kambi na tuisheni ni dalili ya shule nzuri?

Ni dalili ya shule yenye wasiwasi wa mtihani. Kambi ya darasa la saba, watoto wanalala au wanashinda shuleni miezi miwili mitatu kabla ya Septemba wakirudia mitihani iliyopita, hupandisha alama kweli. Sipingi. Shule nyingi tunazozisifu mjini zina kambi. Ila uliza madarasa ya chini yanafundishwa na nani wakati walimu wote wazuri wako kambini.

Tuisheni ni jambo jingine. Mwalimu anayefundisha nusu ya kipindi saa nne asubuhi na kumalizia nusu nyingine saa kumi jioni kwa kulipwa anawauzia watoto somo ambalo serikali ilishamlipa kulifundisha. Ukiambiwa "hapa tuisheni ni lazima", toka.

Elimu ni bure, mbona naombwa michango?

Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa shule za msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwa kidato cha tano na sita katika mwaka wa fedha 2022/23. Badala yake serikali hutuma ruzuku shuleni: kiwango ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na si yote inafika shuleni kama fedha taslimu kwa sababu sehemu huenda kwenye vitabu. Gawa 10,000 kwa siku za shule uone mwalimu mkuu ana nini cha kununulia chaki, kulipia maji na kurekebisha kitasa. Ndiyo maana kuna michango ya uji, mlinzi, rimu za karatasi na mitihani ya majaribio.

Mchango wenyewe hauifanyi shule kuwa mbaya. Cha kuangalia ni kama ulipitishwa na kikao cha wazazi, kama kuna risiti, kama mapato na matumizi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mtoto ambaye mzazi wake hana anafanywaje. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa mchango ni marufuku, na Januari 2018 Rais Magufuli alilisema hilo kwa ukali. Shule ambayo watoto wote wanakula makande saa saba, waliochangia na wasiochangia, ina kamati inayofanya kazi. Kwangu hilo lina uzito kuliko rangi ya majengo.

Shule nzuri iko mbali. Nimpeleke?

Kwa shule ya msingi, hapana, isipokuwa ya karibu ni mbaya kupita kiasi. Mtoto wa miaka saba anayetoka Buhongwa kusoma katikati ya mji anaamka saa kumi na moja, anapigania daladala na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi, anavuka Barabara ya Kenyatta mara mbili kwa siku. Anafika kachoka. Wa Igoma na Kishiri wana Barabara ya Nyerere na malori yake ya Musoma. Na milima yetu hii ya mawe, kilomita moja kwenye ramani inaweza kuwa ngazi tupu toka juu mpaka chini, na mvua ya Aprili ikinyesha mawe yanateleza. Tembea njia hiyo wewe mwenyewe kwanza.

Kwa sekondari mtoto ana nguvu za kutosha, ingawa kwa msichana fikiria jioni na waendesha bodaboda wanaojitolea lifti.

Shule za ukanda wa ziwa zinapimwaje?

Kwa kipimo chake. Shule iliyo jirani na mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, iwe Kayenze, Igombe au ng'ambo Ukerewe, inaishi kwa kalenda ya dagaa. Usiku wa giza ndio wa kuvua kwa taa; mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Siku za giza dagaa wakishuka, asubuhi kuna kazi ya kuanika, na mikono midogo inahitajika pale kwenye chanja na mchanga. Samaki wakihama, kambi ya wavuvi inahama, na mtoto anaondoka na wazazi bila barua ya uhamisho. Kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro hadi wakate tamaa naye.

Shule ya mwaloni iliyoweza kubakiza watoto wake toka darasa la nne hadi la saba, hata kwa wastani wa daraja C, ina walimu wanaokwenda kambini kuongea na wazazi. Ukikaa huko usimhamishie mtoto mjini kwa sababu ya alama 20 za wastani kabla hujaongea na mwalimu mkuu. Wasiwasi mkubwa huko ni walimu wenyewe: mjini walimu wengi wamefuata wenza wao, visiwani wengi wanaomba kuondoka.

Kuna shule za serikali za Kiingereza?

Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Zipo chache nchini za mchepuo wa Kiingereza zinazomilikiwa na serikali na zinazotoza ada, Olympio na Diamond za Dar es Salaam zikiwa zinazojulikana zaidi. Kwa Nyamagana na Ilemela kaulize ofisi ya elimu ya halmashauri yako, na uulize ada kabla ya kufurahi.

Mtaala mpya unabadilisha nini?

Unabadilisha hesabu zako za mwaka. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa darasa la saba wa mwisho wanamaliza. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza 2028 kwa pamoja. Kama mtoto wako yumo, usiangalie tu sekondari ya kata ina matokeo gani. Angalia ina vyumba vingapi na eneo la kujenga vingine.

Mtoto wangu ana ulemavu.

Uliza halmashauri shule zenye kitengo cha elimu maalumu, kisha ukafike mwenyewe umuone mwalimu wa kitengo. Kitengo bila mwalimu aliyesomea ni chumba tu. Nje ya jiji, Shule ya Msingi Mitindo ya Misungwi inajulikana kwa kupokea watoto wasioona na wenye ualbino, wakiwa bwenini. Hapa usilinganishe wastani kabisa.

Nimeamua kumhamisha. Nianzie wapi?

Anza na shule unayoitaka, upate uthibitisho kwamba nafasi ipo. Ndipo uandike barua kupitia shule ya sasa kwenda kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Kumbuka Nyamagana na Ilemela ni halmashauri mbili tangu 2012, kwa hiyo kutoka Kirumba kwenda Pamba, mwendo wa dakika chache, ni kuhama halmashauri. Uhamisho lazima uonekane kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi. Kuna wazazi wanaomhamisha mtoto kwa maneno na makubaliano, halafu darasa la nne au la saba wakati wa kusajili watahiniwa jina linakutwa bado liko shule ya zamani. Omba namba ya PREM ya mtoto na uiandike mahali.

Nikikuta shule ina matatizo nimwone nani?

Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, kisha Afisa Elimu Kata. Walimu, majengo na fedha viko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Ubora wa ufundishaji unakaguliwa na Wathibiti Ubora wa Shule, tuliokuwa tukiwaita wakaguzi, ambao wako chini ya Wizara ya Elimu na wana ofisi yao ya wilaya. Wakishatembelea shule huacha ripoti yenye mapendekezo, na mjumbe wa kamati ana haki ya kuuliza imesema nini. Kama hujui mjumbe wa kamati anayetoka mtaa wako ni nani, muulize mwenyekiti wa mtaa leo jioni.